George Eastman (1854–1932): Maisha ya Mtu wa Kodak

Nyumbani kwa nyanya yangu, hapa Bunia, kuna kamera ambayo haijapiga picha tangu kabla sijazaliwa. Ni Kodak Instamatic ya babu: ndogo, nyepesi, ya plastiki nyeusi yenye ukingo wa rangi ya fedha. Babu aliwapiga foto watoto wake na majirani katika miaka ya 1970, kisha akafariki, na kamera ikabaki ndani ya sanduku la bati pamoja na vyeti vya ubatizo. Mwaka 2003, vita vilipoingia mjini, familia ilikimbia na sanduku hilo. Albamu za picha ziliachwa, na nyumba ikateketea. Mwaka huu mtu mmoja wa Kampala anayekusanya kamera za zamani amesikia habari za kamera hiyo na anataka kuinunua. Tulipoitazama vizuri tukaona, kupitia kidirisha cha nyuma, kwamba ndani bado mna kaseti ya filamu. Namba inayosomeka pale ni 9.

Kabla ya kumjibu mnunuzi nilitaka kujua kitu hiki kilitoka wapi, nikaanza kusoma maisha ya mwanzilishi wa kampuni iliyokitengeneza. Nilidhani nitakutana na fundi tu. Nilimkuta pia mtu aliyetunga neno, na kwa hiyo nimeona anafaa kusimuliwa katika jarida la kitivo chetu.

George Eastman alizaliwa tarehe 12 Julai 1854 katika mji mdogo wa Waterville, jimbo la New York, Marekani. Alikuwa wa mwisho kati ya watoto watatu. Baba yake aliendesha shule ya biashara katika mji wa Rochester, akafundisha vijana kuandika hesabu na barua za kazi. Baba huyo alifariki mwaka 1862, George akiwa hajatimiza miaka 8. Mama yake, Maria Kilbourn, alilazimika kupangisha vyumba vya nyumba yake ili watoto wale. Dada mmoja, Katy, aliugua polio na alikufa mwaka 1870. Kijana aliacha shule akiwa na umri wa miaka 13 au 14, akawa mtumwa wa ofisi katika kampuni ya bima kwa mshahara wa dola 3 kwa wiki. Mwaka 1874 alipata kazi ya ukarani benki. Waandishi wa maisha yake wanakubaliana kwamba umaskini wa mama yake ndio uliomfanya ahesabu kila senti, na daftari zake za matumizi za ujanani zinathibitisha jambo hilo.

Mwaka 1877 alipanga safari ya kwenda Santo Domingo. Rafiki alimshauri achukue kamera ili alete kumbukumbu, naye akanunua vifaa vyote na kulipia mafunzo. Safari haikufanyika, lakini vifaa vilibaki mikononi mwake, na vilikuwa mzigo kwelikweli. Siku zile mpiga picha alipaka dawa juu ya bamba la kioo, akalitumbukiza katika maji ya madini ya fedha, akalitia ndani ya kamera na kupiga kabla halijakauka, kisha akalisafisha papo hapo. Aliyetaka kupiga picha ya mlima ilimpasa abebe hema la giza, chupa za dawa, vioo, ndoo ya maji na miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Upigaji picha ulikuwa kazi ya wenye elimu ya kemia na wenye nguvu za mabega.

Eastman alisoma katika magazeti ya Waingereza kwamba bamba la kioo linaweza kupakwa dawa yenye gelatini, likakauka na bado likafanya kazi. Mchana alikuwa benki. Usiku alichemsha dawa katika jiko la mama yake, na mara nyingine alilala sakafuni hapo hapo bila kuvua nguo. Mwaka 1879 alisajili huko London mashine ya kupaka mabamba, na mwaka uliofuata akaisajili Marekani. Mwaka 1881 aliingia ubia na Henry Strong, mtengenezaji wa mijeledi ya farasi aliyekuwa amepanga kwa mama yake, na akaacha kazi ya benki. Mwaka 1882 mabamba yake yaliharibika yakiwa madukani. Aliyarudisha yote na kuwapa wateja mengine, hasara iliyokaribia kuiua kampuni changa. Baadaye aligundua kwamba kosa lilikuwa katika gelatini aliyouziwa. Tangu hapo alipima kila mali ghafi kabla ya kuitumia.

Lakini kioo bado kilikuwa kizito, na kilivunjika. Kuanzia mwaka 1884 Eastman alitengeneza filamu ya karatasi inayoviringishwa, na mwaka 1888 akatoa kisanduku cha mbao kilichofunikwa ngozi, chenye filamu ya picha 100 ndani yake, kwa bei ya dola 25. Picha zake zilikuwa za duara. Mwenye kamera alivuta kamba, akabonyeza kitufe, akazungusha ufunguo. Picha 100 zikiisha, alituma kamera nzima Rochester pamoja na dola 10. Huko kiwanda kilitoa filamu, kikasafisha picha, kikaweka filamu mpya na kumrudishia mwenyewe. Tangazo la Kodak lilijengwa juu ya mgawanyo huo: kazi ya mteja ni kubonyeza, na yote yanayobaki ni kazi ya kampuni.

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapopaswa kutulia kidogo. Eastman alitaka jina la kisanduku chake liwe fupi, lisitamkwe vibaya na lisifanane na neno lolote lililokuwepo. Alipenda herufi K, ambayo pia ni herufi ya kwanza ya jina la ukoo wa mama yake, akaiweka mwanzo na mwisho, akajaribu herufi za katikati mpaka likatoka Kodak. Neno hilo halikuwa na maana yoyote katika lugha yoyote aliyoijua. Sisi hufundishwa kwa Ferdinand de Saussure kwamba uhusiano kati ya umbo la neno na maana yake ni wa kubuni tu, umekubaliwa na jamii. Kitabu kinachobeba mafundisho hayo kilitoka mwaka 1916. Eastman alikuwa ameshalitenda jambo hilo miaka 28 nyuma, tena kwa makusudi: alichukua sauti tupu, akazijaza maana kwa matangazo na bidhaa, mpaka katika nchi nyingi kodak ikawa jina la kamera yoyote. Alichokosea ni kudhani kwamba neno lake litatamkwa vile vile kila mahali. Nyanya yangu, kama wazee wengi wa Bunia, halikubali neno linaloishia kwa konsonanti. Kwake ni Kodaki.

Mwaka 1889 filamu ya karatasi ilifuatwa na filamu angavu ya selulosi, iliyotengenezwa na Henry Reichenbach, mkemia aliyeajiriwa na Eastman. Hapa maisha yake yana doa ambalo halifai kufichwa. Kasisi mmoja wa Newark, Hannibal Goodwin, alikuwa ameomba hati ya uvumbuzi wa filamu ya namna hiyo tangu mwaka 1887. Ombi lake lilizungushwa ofisini zaidi ya miaka 10. Hati ilitoka mwaka 1898, na mzee akafa mwaka 1900 kabla ya kufaidi. Kampuni iliyonunua haki zake iliendelea na kesi, na mwaka 1914 Kodak ikalipa dola milioni 5. Eastman aliamini ushindani ni vita vya hati. Alinunua wapinzani, akanunua uvumbuzi wao, na mwaka 1915 mahakama ya Marekani iliamua kwamba kampuni yake ilihodhi soko kinyume cha sheria.

Uvumbuzi mmoja alioununua ndio unaotuleta kwenye kaseti. Filamu za mwanzo hazikuweza kubadilishwa nje ya chumba cha giza. Huko Boston, Samuel Turner alipata wazo la kuviringisha filamu pamoja na karatasi nyeusi ndefu kuliko filamu yenyewe, yenye namba mgongoni, na kutoboa kidirisha chekundu nyuma ya kamera ili namba zisomwe. Mtu aliweza kuweka na kutoa filamu mchana kweupe. Eastman alilinunua wazo hilo pamoja na kampuni iliyolitumia mwaka 1895, na miaka miwili baadaye baadhi ya kamera zake zilianza kuitwa kwa jina la filamu hiyo, Cartridge Kodak. Mwaka 1900 ikafuata Brownie, iliyobuniwa na Frank Brownell: kisanduku cha kadibodi cha dola 1, kilichotangazwa kwa watoto. Kuanzia hapo picha haikuwa tena mali ya matajiri na mafundi.

Msomaji wa Kongo hawezi kupita mwaka huo wa 1900 bila kukumbuka yaliyokuwa yakitendeka hapa. Kamera zilipokuwa nyepesi, wamisionari walizibeba hadi vijiji vya mpira. Mwaka 1904, huko Baringa, Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala akiwa ameketi mbele ya mkono na mguu wa binti yake mdogo. Picha kama hizo zilionyeshwa katika mikutano Uingereza na Marekani. Mwaka 1905 Mark Twain aliandika kijitabu cha dhihaka ambamo Mfalme Leopold II analalamika kwamba kati ya mashahidi wote, kodak peke yake ndiyo aliyoshindwa kuihonga. Mwaka 1908 mfalme aliondolewa utawala wa Kongo. Eastman hakuwa na nia hiyo alipokichonga kisanduku chake. Yeye aliuza starehe za likizo. Lakini chombo kikishatoka mkononi mwa fundi hufuata njia zake.

Utajiri ulipomjia, Eastman aliishi kwa namna ya pekee. Hakuoa. Alimpenda mama yake sana, na kifo cha mama huyo mwaka 1907 kilimvunja. Alianza kugawa mali yake akiwa hai, jambo ambalo matajiri wachache wa wakati wake walilifanya kwa kiasi hicho. Mwaka 1912 alianza kuwagawia wafanyakazi sehemu ya faida, na mwaka 1919 akawapa theluthi ya hisa zake mwenyewe. Chuo cha teknolojia cha Massachusetts kilipokea mamilioni kutoka kwa mtu aliyeitwa Bwana Smith. Siri ikafichuka mwaka 1920 kwamba Smith ni Eastman. Alijenga shule ya muziki Rochester, na zahanati za meno za watoto huko na katika miji mikuu kadhaa ya Ulaya, Bruxelles ikiwemo. Mwaka 1924 alitoa fedha nyingi kwa Hampton na Tuskegee, vyuo vya Wamarekani weusi. Hata hivyo viwanda vyake havikuwafungulia weusi hao milango ya ajira kwa ukarimu huo huo. Madai juu ya jambo hilo yaliutikisa mji wa Rochester miaka ya 1960, yeye akiwa ameshakufa zamani.

Mwaka 1926, akikaribia miaka 72, alikuja Afrika Mashariki. Alisafiri Kenya na Tanganyika pamoja na Daniel Pomeroy na Carl Akeley, wakikusanya wanyama kwa ajili ya ukumbi wa Afrika katika makumbusho ya New York ambao yeye na Pomeroy waliuchangia. Alitembelea pia kambi ya Martin na Osa Johnson, mume na mke wapiga filamu, katika ziwa la Marsabit. Porini alipenda kupika mwenyewe, na alipiga filamu za wanyama kwa kamera ndogo ya kampuni yake. Alirudi nyumbani, lakini Akeley aliendelea hadi Kongo, akafa Novemba ya mwaka huo huo kwenye mteremko wa Mikeno, katika mbuga ambayo yeye mwenyewe alikuwa amemshawishi Mfalme Albert aianzishe, Virunga ya leo. Eastman alifanya safari ya pili barani mwaka 1927 na 1928, upande wa Mto Nile, safari hii pia akiwa na akina Johnson.

Eastman hakufika Bunia. Waliofika Ituri ni hao akina Johnson, miaka michache baadaye. Filamu yao ya mwaka 1932, Congorilla, ina sehemu ndefu iliyopigwa miongoni mwa Wambuti wa msitu wetu. Ilikuwa miongoni mwa filamu za kwanza kunasa sauti halisi za Afrika, na kwa hiyo ina thamani kwa watafiti. Lakini humo pia Wambuti wanapewa sigara na maputo, wanachezeshwa kwa muziki wa jazi, ili watazamaji wa Marekani wacheke. Waliopigwa picha hawakubonyeza kitufe, wala hawakuona kilichotoka. Filamu ilikwenda kusafishwa na kukatwa mbali, na maneno ya kuielezea yakaandikwa na wengine.

Nikiwa hapo ndipo nilipoona upungufu uliomo katika wazo kubwa la Eastman. Aliwapa watu wote sehemu ya kwanza ya kazi, ile ya kubonyeza. Sehemu ya pili, ile inayoifanya picha ionekane, ilibaki kwa mwenye kiwanda na mwenye dawa. Kwa mkazi wa Rochester upungufu huo ni mdogo, maana kiwanda kipo mwisho wa barabara. Kwa mtu wa Ituri ni nusu nzima ya picha.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya maumivu. Uti wa mgongo uliharibika, akawa hawezi kusimama bila mateso, naye alikuwa amemwona mama yake akimalizia siku zake katika kiti cha magurudumu. Tarehe 14 Machi 1932, nyumbani kwake Rochester, alijiua, akiacha waraka mfupi kwa rafiki zake kuwaeleza kwamba anaona kazi yake imekamilika. Alikuwa na umri wa miaka 77. Nyumba yake ilifunguliwa kama makumbusho ya upigaji picha mwaka 1949.

Kampuni iliendelea na wazo lake mpaka likafika ukingoni. Mwaka 1963 ilitoa Instamatic na kaseti ya aina ya 126: kipande cha plastiki kilichofungwa, chenye vyumba viwili na filamu katikati. Mtu hahitaji kushika filamu kabisa. Hufungua mgongo wa kamera, hutumbukiza kaseti, hufunga. Haiwezi kuingia kinyume, wala hairudishwi nyuma ikiisha. Kufikia mwaka 1970 zaidi ya kamera milioni 50 za aina hiyo zilikuwa zimeuzwa. Mwaka 1972 ikaja kaseti ndogo zaidi, ya 110. Filamu za rangi za wakati ule zilipimwa kwa kadi zenye sura ya mwanamke mweupe, na ndiyo sababu katika picha nyingi za wazazi wetu shati linaonekana vizuri kuliko uso. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya kidijitali. Wakubwa wake hawakuiharakisha. Kodak iliacha kutengeneza kaseti ya 126 mwaka 1999, na Januari 2012 ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake.

Wakusanyaji wanajua hesabu hizo. Kodak ya mwaka 1888 hutafutwa kwa fedha nyingi kwa sababu zilizobaki ni chache. Instamatic, kwa sababu zilikuwa milioni kwa milioni, haina bei kubwa. Kinachoipandisha kidogo ni boksi lake, karatasi za maelezo, au kaseti yake ya asili. Mnunuzi wa Kampala ameomba tuiache kaseti ndani.

Nilimweleza nyanya. Hakuuliza bei. Aliuliza kama foto za ndani zimekufa. Nilimjibu nilivyosoma: filamu ya miaka hiyo hufifia, rangi hupotea, lakini wapo mafundi wachache, ng'ambo, ambao huisafisha kama ya nyeusi na nyeupe, na mara nyingine sura hutoka. Akanyamaza, kisha akasema kwamba babu alipiga foto siku ya komunyo ya kwanza ya shangazi yangu mkubwa. Shangazi huyo alifariki msichana. Foto zake zilikuwa katika albamu zilizoungua, na hakuna nyingine.

Basi nilifunika lenzi kwa kiganja, nikabonyeza na kuvuta wenzo mara kwa mara mpaka namba zikaisha kidirishani na karatasi yote ikaingia katika chumba cha pili cha kaseti, salama dhidi ya mwanga. Nikafungua mgongo na kuitoa. Imefungwa kwa karatasi ya fedha ndani ya kopo la maziwa, ikimsubiri mtu wa kuaminika anayesafiri kwenda Ulaya. Mnunuzi nimemwandikia kwamba kamera anaweza kuipata, ikiwa tupu. Babu alishabonyeza upande wake. Kazi iliyobaki ni yetu kuitafutia mtu.